Von der Decken: Mwanajeshi Aliyeyafuata Mawe Hadi Mto Juba

Mtu aliyezaliwa Koyama, Ngumi, Chovai au Chula, katika safu ile ya visiwa vya Wabajuni inayoshuka kutoka Kismayo kuelekea Ras Kiamboni, hukua akilijua jiwe la namna moja tu. Ni jiwe la matumbawe, lililojengwa na wadudu wa baharini, ambalo mababu walilichonga wakajengea misikiti na nyumba, na walilolichoma wakapata chokaa. Mtu huyo anaweza kuvua samaki maisha yake yote asikanyage hata mara moja jiwe la itale, lile jiwe gumu lenye punje za kung'aa ambalo wataalamu huliita graniti. Lakini akivuka kuja barani, akafuata mto Juba kwa siku nyingi mpaka Bardera, kisha akageuka mashariki kuelekea nchi ya Buur, ataona vilima vya itale vimesimama peke yake katika uwanda kama ngome zilizoachwa na majitu.

Kati ya matumbawe hayo na itale hilo ndipo yalipokatika maisha ya Baron Karl Klaus von der Decken, mwezi Oktoba 1865, akiwa na umri wa miaka 32. Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi huenda wamelisikia jina lake kwa sababu ya Kilimanjaro, au kwa sababu ya yule ndege hondohondo aliyepewa jina hilo na wataalamu wa wanyama. Sisi leo tunataka kumweleza kwa upande mwingine. Kwanza alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa msafiri. Tena mawe aliyoyapeleka Ulaya yaliangukia mikononi mwa mtu aliyekuwa akijua, kuliko karibu wote wa wakati wake, namna ya kulihoji jiwe mpaka likataja asili yake.

Decken alizaliwa tarehe 8 Agosti 1833 huko Kotzen, katika jimbo la Brandenburg, nchini Ujerumani. Baron ni cheo cha ukabaila, na jamaa zake walikuwa watu wenye mali. Akiwa kijana aliingia katika jeshi la ufalme wa Hannover akawa afisa wa askari wa farasi, akatumikia takriban miaka kumi. Zilikuwa zama za amani katika ufalme ule mdogo, na kijana mwenye afya, fedha na tamaa ya kuona dunia hakuridhika na magwaride ya kila siku. Mwaka 1860 aliacha jeshi. Heinrich Barth, yule msafiri mashuhuri aliyevuka Sahara mpaka Timbuktu, alimshauri ageuzie macho yake pwani ya mashariki ya Afrika.

Mwaka huo huo alifika Unguja, katika enzi ya Seyyid Majid bin Said. Alikuwa ametarajia kuandamana na Mjerumani mwenzake, Albrecht Roscher, lakini Roscher alikuwa ameuawa mwezi Machi karibu na Ziwa Nyasa. Decken aliazimia kwenda kuitafuta njia ya marehemu na karatasi zake. Aliondoka Kilwa, akakutana na shida za wapagazi na njia, akarudi pwani bila kufika. Hilo lilikuwa shindwa lake la kwanza katika nchi hizi, na lilimfunza kwamba cheo cha afisa wa farasi hakina uzito wowote mbele ya mpagazi aliyeamua kutua mzigo.

Mwaka 1861 bahati ilimgeukia. Unguja alimkuta kijana Mwingereza, Richard Thornton, mjuzi wa miamba, aliyesoma katika chuo cha madini cha London kisha akaajiriwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi na kuachishwa kazi mwaka 1859. Kwa maoni yetu Thornton ndiye shujaa asiyetajwa sana wa habari hii. Alizaliwa mwaka 1838, na alikuwa na umri wa miaka 23 tu alipoondoka Mombasa pamoja na Decken kwenda Kilimanjaro. Walipita Kasigau, wakafika Ziwa Jipe, wakaingia Kilema, na kutoka hapo wakaupanda mlima mpaka kiasi cha mita 2,500, ambapo mvua na ukungu viliwarudisha chini. Njia nzima Thornton alikuwa akipima pembe za vilele na kuvunja mawe kwa nyundo. Katika nyika aliona miamba ya kale ya nisi, yenye milia ya weupe na weusi. Alipoukaribia mlima mawe yakabadilika. Sasa yalikuwa mawe ya moto, yaliyotoka tumboni mwa ardhi yakiwa uji, na kijana yule akatambua kwamba Kilimanjaro ni volkano.

Mwaka uliofuata Decken alirudi mlimani akiwa na Otto Kersten, ambaye kwa elimu yake alikuwa mkemia. Safari hii walifika karibu mita 4,300, na theluji ikawaangukia. Msomaji akumbuke kwamba mmisionari Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro tangu Mei 1848, na kwamba huko London Bwana mmoja aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika, aliikanusha miaka mingi kwa hoja za mezani. Hata baada ya ushahidi wa Decken hakukubali upesi. Mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Decken nishani ya dhahabu. Thornton hakuishi kuyaona hayo. Alirudi katika msafara wa Livingstone, akafariki kwa homa na kuhara tarehe 21 Aprili 1863 katika bonde la mto Shire, akiwa na umri wa miaka 25 tu.

Mawe yalikwenda Berlin. Huko yalipokewa na Profesa Gustav Rose, mtaalamu wa madini, ambaye ujanani mwake alijiunga na jeshi mwaka 1815 wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Rose aliyachunguza mawe ya Decken na kuyaeleza katika maandishi ya mwaka 1863, nayo yakathibitisha aliyoyasema Thornton juu ya moto wa Kilimanjaro. Lakini tunaomba ruhusa ya kusimama kidogo kwa huyu Rose, maana amebeba ufunguo wa jambo tunalotaka kulisema.

Mwaka 1827, Decken hajazaliwa, Rose alikuwa ameyachambua madini yanayoitwa apatiti, akagundua kwamba ndani yake mna florini na klorini pamoja na chokaa na fosforasi. Jina la apatiti limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kudanganya, kwa kuwa madini hayo huvaa rangi nyingi na mafundi wa zamani waliyadhania kuwa kito hiki au kile. Kisha, mwaka 1849, Rose aliyagawa mawe ya itale mafungu mawili kwa kutazama ulanga uliomo ndani yake: itale lenye ulanga mweupe na mweusi pamoja, na itale lenye ulanga mweusi peke yake. Alifanya hivyo kwa macho, kwa lenzi na kwa uzoefu. Hakuweza kujua kwamba zaidi ya miaka mia moja baadaye mgawanyo unaofanana na wake ungerejea, na kwamba mmoja wa mashahidi wake angekuwa fosforasi, yule yule aliyemhoji ujanani.

Fosforasi askari anaifahamu. Imo katika mabomu ya moshi na ya moto. Imo katika ule ubavu wa kibiriti tunaposugulia njiti. Imo pia katika mifupa na meno yetu. Mkulima wa Tanzania anaipata katika mbolea ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambayo asili yake ni mabaki ya ndege wa ziwa la kale. Huko Sukulu, karibu na Tororo nchini Uganda, fosfeti imetokana na apatiti ya volkano iliyozimika. Katika jiwe la itale fosforasi ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya nusu ya sehemu moja katika mia. Lakini mpelelezi mwema hapimi ushahidi kwa ukubwa wake. Uzi mmoja wa nguo uliobaki kwenye seng'enge waweza kumtia hatiani mwizi aliyebeba ghala zima.

Jambo lenyewe ni hili. Itale huzaliwa chini sana ya ardhi, ambapo mwamba wa zamani hupata joto mpaka ukayeyuka ukawa uji, na uji ule ukipanda na kupoa polepole huganda ukawa jiwe. Swali ni mwamba gani ulioyeyuka. Yawezekana ulikuwa mwamba wa moto wa kale zaidi. Yawezekana pia ulikuwa udongo wa mfinyanzi, ambao zamani za kale ulikuwa tope la ziwa au la bahari, ukazikwa, ukashindiliwa na kuokwa. Mwaka 1974 wajuzi wawili wa Australia, Bruce Chappell na Allan White, walionyesha kwamba mawe ya itale ya nchi yao yanaweza kupangwa kwa nasaba hizo mbili. Mtoto wa tope ana alumini nyingi kupita kiasi na chokaa haba, na mara nyingi ndiye mwenye ulanga mweupe. Mtoto wa mwamba wa moto ana chokaa ya kutosha, na alumini haimzidi.

Hapo ndipo fosforasi inapotoa ushahidi. Katika uji wenye chokaa ya kutosha, apatiti haiwezi kuyeyuka kwa wingi. Huganda mapema na kushuka, ikaondoka na fosforasi. Kwa hiyo kadiri uji unavyoendelea kupoa na kuzidi silika, ndivyo fosforasi inavyopungua. Katika uji wenye alumini nyingi mambo hugeuka. Alumini huishika fosforasi na kuizuia isigande upesi, nayo hubaki katika uji ikizidi kujilimbikiza, hata jiwe linaloganda mwisho likawa ndilo lenye fosforasi nyingi. Nyingine hujipenyeza katika chembe za felspa. Nyingine, katika mishipa ya mwisho kabisa, huungana na lithi na metali nyinginezo kufanya madini ya ajabu. Mtaalamu basi huchukua vipande vingi kutoka kilima kimoja, akapima silika na fosforasi ya kila kipande, akaweka alama kwenye karatasi ya mistari. Alama zikishuka, anaelekea kwenye nasaba ya moto; zikipanda, anaelekea kwenye nasaba ya tope. Mwaka 1984 Mark Harrison na Bruce Watson walichapisha majaribio yao ya maabara juu ya namna apatiti inavyoyeyuka katika uji wa namna hiyo, na tangu hapo hoja ikapata msingi imara zaidi.

Hata hivyo kipande kimoja hakitoshi, kama vile shahidi mmoja hatoshi mahakamani. Yako mawe yaliyochanganya nasaba zote mbili, na yako ambayo maji ya moto yaliyapitia baadaye yakavuruga alama. Kuna pia ndugu yake apatiti aitwaye monaziti, naye ni fosfeti, aliyebeba thori na urani ambazo hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Huyo ndiye saa ya jiwe, hutaja lilizaliwa lini. Ukimsikiliza mmoja bila mwenzake utapata nusu ya habari.

Decken hakuyajua haya wala hakuna aliyeyajua. Yeye alichokijua ni kwamba mawe ya safari mbili yalikuwa yamebadili elimu ya watu juu ya mlima mmoja, na kwamba kaskazini yake, kutoka mlima Kenya mpaka nchi ya Waoromo, ramani ilikuwa nyeupe. Njia ya nchi ya Wamasai ilikuwa imefungwa mbele yake. Akaamua kuizunguka kwa maji, kwa kuingia kutoka pwani ya Kismayo kupitia mto Juba.

Kwa gharama ya jamaa yake mwenyewe alinunua meli mbili za mvuke. Kubwa aliiita Welf, kwa jina la ukoo wa wafalme wa Hannover; ndogo ilikuwa Passepartout. Alikusanya watu: Luteni Richard von Schickh, afisa wa bahari, daktari Hermann Link, mchoraji Eduard Trenn, mwindaji Richard Brenner, mafundi wa mitambo, na watumishi wa Unguja na wa pwani. Mwaka 1865 walipanda na pwani ya Wabajuni. Ni pwani isiyosamehe kosa. Visiwa vimejipanga kama walinzi, na kati yake na bara mna mkondo ambao mitepe, yale majahazi ya Wabajuni yaliyoshonwa kwa kamba bila msumari, ilikuwa ikiupita kwa urahisi kwa kuwa mbao zake hulegea zikigusa mwamba. Meli ya chuma hailegei. Kismayo yenyewe siku zile ilikuwa bado haijawa mji wa maana. Miaka kumi baadaye, mwaka 1875, meli za Khedivi wa Misri zingetia nanga pale na kuteremsha wanajeshi, kisha zikalazimika kuondoka kwa shinikizo la Waingereza, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mdomo wa Juba ulidai ushuru wake wa kwanza. Pale Gobwen, ambapo mto unakutana na mawimbi ya Bahari ya Hindi juu ya fungu la mchanga linalohama, Passepartout ilipotea. Kwa askari hili lilikuwa jambo zito kuliko lilivyoonekana. Msafara wenye vyombo viwili unaweza kupotelewa na kimoja ukarudi. Wenye kimoja hauna akiba. Decken alitazama hasara ile akaamua kuendelea. Mwezi Agosti Welf ilianza kupanda mto, ikikata kuni njiani, ikikwama na kujinasua, katikati ya mashamba na misitu ya kingo za Juba. Mwezi Septemba ilifika Bardera.

Ni haki tuwaeleze na wenyeji, maana waandishi wengi wa Ulaya waliwaacha kama kivuli tu nyuma ya mkuki. Bardera ulikuwa mji wa jumuiya ya kidini, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na masheikh waliotaka kuishi kwa sheria kali ya dini. Ulipigana vita na majirani, na mwaka 1843 majeshi ya Sultani Yusuf wa Geledi yaliuteketeza. Watu walirudi wakaujenga upya wakiwa na kumbukumbu hiyo. Barua za Sultani wa Unguja zilikuwa na nguvu pwani; siku nyingi za safari ndani ya bara zilikuwa karatasi. Sasa mbele ya mji kama huo ikatokea meli ya chuma yenye moshi, imejaa bunduki, na mwenye meli anasema amekuja kuangalia nchi. Mlinzi wa mji gani angelilala usingizi?

Juu kidogo ya Bardera, siku za mwisho za Septemba, Welf ilipanda juu ya mawe ya maporomoko ikatoboka. Nchi ya Bardera ni ya miamba ya chokaa, iliyotandwa na bahari ya zama za Jurasi, na hivyo mtu huyu aliyetoka pwani ya mawe ya chokaa alikwama tena katika nchi ya mawe ya chokaa, ilhali itale la Buur liko mashariki ambako hakujaliwa kufika. Walishusha mizigo wakapiga kambi ukingoni. Chakula kilikuwa kidogo. Decken akachukua uamuzi ambao wanajeshi wamekuwa wakiupima tangu siku hiyo: akagawa nguvu yake. Yeye na Dkt. Link na watu wachache walirudi Bardera kutafuta chakula na msaada, na wengine wakabaki kambini wakilinda mizigo na meli iliyokufa.

Tumeufikiria sana uamuzi huo na hatuoni wepesi wa kumlaumu. Bila chakula kambi isingelidumu, na kwa desturi ya wakati ule neno la mkuu mwenyewe ndilo lililohesabiwa mbele ya wazee wa mji. Lakini aliondoka mahali ambapo bunduki zake zilikuwa, akaenda mahali ambapo hazikuwa, na kati ya pande hizo mbili hapakuwa na njia ya kupeana habari. Kosa, kama lilikuwepo, lilifanyika mapema zaidi, kule Gobwen, siku chombo cha akiba kilipozama na safari ikaendelea kana kwamba hakikuzama.

Tarehe 1 Oktoba kambi ilishambuliwa ghafula. Trenn mchoraji na fundi mmoja wa mitambo waliuawa. Waliobaki walipigana wakarudisha shambulio, lakini hawakujua habari ya mkuu wao, wala hawakuwa na nguvu ya kumfuata. Schickh akawapakia katika mashua, wakashuka mto mpaka pwani, na hatimaye wakafika Unguja. Decken na Link waliuawa Bardera siku hizo hizo za mwanzo wa Oktoba.

Habari zilipofika Ulaya wengi hawakuziamini, au hawakutaka kuziamini, na watu walitumwa kumtafuta. Brenner, aliyenusurika, alirudi pwani akazunguka nchi za Witu na Juba ya chini akiuliza. Theodor Kinzelbach alikwenda Mogadishu kwa kazi hiyo hiyo akafia huko mwaka 1868. Hannover yenyewe haikuwepo tena: mwaka 1866, Decken akiwa na mwaka mmoja tu kaburini, Prussia iliuteka ufalme ule, na ukoo wa Welf ukapoteza kiti. Kersten alikaa chini akakusanya daftari, vipimo, ndege, wadudu na mawe ya safari zote, akayatoa katika juzuu kubwa kati ya mwaka 1869 na 1879, na sehemu moja ya kazi hiyo ilihusu miamba ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1892 afisa wa bahari wa Uingereza, Dundas, aliupanda mto Juba kwa meli ndogo iitwayo Kenia. Alipita Gobwen, akafika Bardera, akaendelea mpaka maporomokoni. Gamba la Welf lilikuwa bado limelala juu ya mawe, miaka 27 tangu lilipotoboka, na maji ya Juba yalikuwa yakipita ndani yake.